Hodi Isiyovuka Mto

Kingi, tarehe 10 Oktoba 2021

Mpendwa Mujomba Barthélemy,

Ninaanza kwa ahadi: mwaka huu nitakuandikia yote, mazuri na mabaya, bila kukuficha hata moja. Mwaka jana nilinyamaza kuhusu homa yangu ya tumbo, ukaja kuisikia kwa watu wa soko, ukakasirika kwa haki. Ninaomba na wewe uahidi vilevile.

Sisi ni wazima. Mama, dada yako Bénédicte, anakusalimu sana na anasema umekuwa mvivu wa kuandika tangu ulipoota mvi. Maharagi yameanza kupanda juu ya miti, na Papa bado anatafuta miti mingine ya kuyasimamisha, maana mwaka huu yanakimbia.

Masomo yameanza Jumatatu iliyopita. Niko mwaka wa tano wa sekondari, Hesabu na Fizikia. Katika darasa tuko wasichana wawili tu, mimi na Laetitia, ambaye ulimwona siku ya ubatizo, yule anayecheka kabla hajasikia mwisho wa maneno. Profesa wetu wa fizikia anaitwa Damien. Alifunga kamba kwenye dirisha, akaitikisa, akasema: "Angalieni. Kamba haikuenda popote. Kilichokwenda ni mtikisiko. Hilo ndilo wimbi."

Nikainua mkono, nikasema kwamba kwa mjomba wangu Buleusa watu wanasemeshana hivyo kila siku. Nikaeleza daraja lenu la kamba za porini: kwamba ni refu, ni jembamba, mwenye mzigo hawezi kupishana na mwenzake, kwamba ukungu unalifunika na mto unapiga kelele hata ukiita husikiki. Basi anayetaka kuvuka anashika kamba ya mkono, iliyofungwa kwenye mbao kwa kamba ndogo, na kuitikisa mara tatu, haraka haraka. Hiyo ndiyo hodi. Kama kuna mtu ng'ambo, naye anatikisa mara tatu: pita, nakungoja. Na anayepita bila kupiga hodi anakatazwa daraja.

Laetitia akasema: "Kwenu hata daraja linasalimiwa?"

Nikamjibu: "Ndiyo, na linaitika kuliko wewe."

Darasa zima lilicheka, hata Profesa. Mujomba, nilijisikia mwenye mali. Daraja linaendeleaje?

Mpwa wako,
Gentille


Buleusa, 2/11/2021

Kwa mupwa wangu Gentille,

Barua yako imefika na Bienvenu, ule motari anabebaka chumvi na samaki kwa pikipiki, ikinuka samaki. Hapa tuko wazima. Elisabeth, bibi yangu wa ndoa, iko na kikohozi, lakini maneno yake haijapunguka, njo tunajua haiko mugonjwa sana. Nguruwe wa pori wamekula muhogo upande wa chini. Ule wa ng'ambo, kule shamba kubwa iko, uko muzuri.

Unauliza daraja. Tulilitengeneza mu mwezi wa tisa, na miye njo niliongoza kazi, sawa kila mwaka. Zamani tulikuwa tunapasua muti mumoja, mbao zote zinafanana. Mwaka huu ule muti haukupatikana karibu, nikasema: kila familia ilete ubao wake. Mungu wangu! Kuko aliyeleta mulango wa nyumba. Kuko aliyeleta ubavu wa kitanda. Wengine mianzi, wengine ubao muzito sawa jiwe. Pengine mbao ziko zinabanana, pengine unaruka sawa mbuzi. Lakini ni daraja ya watu wote, na miye niliona furaha.

Mama Adelaïde wa ng'ambo, ule anaongozaka kwaya yetu, alianguka akavunjika mukono. Atapona. Si habari ya kuandika sana.

Sasa miye niko na swali ya masomo. Muntu akitikisa kamba upande huu, kwa nguvu, sawa inavyotakiwa, inaweza kuwa ule wa upande ingine asisikie kitu? Hata kidogo? Nijibu kwa maneno ya wazi, maneno ya fizikia, si ya kubembeleza muzee. Usiniulize juu ya nini. Ni kupenda kujua tu.

Salimia dada yangu. Umwambie mvi ni ya baba yetu, nilirithi tu.

Mujomba wako,
Barthélemy


Kingi, tarehe 14 Novemba 2021

Mpendwa Mujomba,

Nimefurahi kuliko unavyodhani. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali la fizikia ili apate jibu. Wanaoniuliza wanataka kuona kama nimelala darasani.

Kwanza habari. Papa amepata miti yake. Mama alitaka kupika maharagi mabichi mapema, nikamsihi angoje. Laetitia amepata alama nzuri kuliko zangu katika kemia na sijamsemesha tangu Alhamisi, lakini kesho nitamsemesha, maana yeye ndiye mwenye kitabu.

Sasa jibu. Sikumsumbua Profesa Damien kwa sababu jambo liko wazi. Nishati haipotei. Ukitikisa kamba, mtikisiko unasafiri mpaka mwisho wake. Unaweza kuchoka njiani, kwa sababu kamba inasuguana na hewa na kamba nyingine, lakini lazima ufike. Mwenye kushika ncha ya pili hawezi kukosa kila kitu, hasa kama aliyetikisa alitikisa kwa nguvu.

Kwa hiyo ninakujibu kwa uhakika: haiwezekani. Hodi ikipigwa, inafika.

Nimeandika maneno hayo kwa mwandiko mkubwa ili uweze kumsomea yeyote atakayebisha. Ni nani anayebisha? Niambie, nitamwandikia na yeye.

Mpwa wako mwenye furaha,
Gentille


Kingi, tarehe 19 Desemba 2021

Mpendwa Mujomba,

Tangu barua yangu ile hujaniandikia. Nilidhani barabara imefungwa kwa matope. Lakini juzi Bienvenu alipita hapa na magunia yake, na Mama akamuuliza habari zako. Alianza kukung'uta chumvi kwenye viatu, akasema: "Mama Bénédicte, uniulize ya bei ya samaki."

Mama akasema: "Samaki si kaka yangu."

Ndipo akatuambia. Akasema Mama Adelaïde hakuanguka peke yake. Mlikutana katikati ya daraja, yeye na beseni yake ya mafuta, wewe na mzigo wa muhogo, katika ukungu. Aliporudi nyuma, mguu ulipita kati ya mbao. Akasema Mama Adelaïde anaapa alipiga hodi yake wewe hujafika kwenye kamba, akapita, na njiani hakupata hodi yoyote; wewe unaapa ulipiga. Akasema pia kwamba kulikuwa na mkutano wa pande zote mbili, na barua ya mtoto wa masomo wa Kingi ilisomwa mbele ya watu.

Mujomba, ni barua yangu hiyo?

 Mama alikwenda kupura maharagi ambayo yalikwisha kupurwa.

Uliniambia ni kupenda kujua tu. Mimi niliahidi kukuambia yote, wewe hukuahidi, sasa ninaona kwamba mstari huo haukuwamo katika barua yako, na mimi sikutambua. Tafadhali niandikie ilivyokuwa, hata kama ni vibaya. Noeli njema kwako na kwa Mama Elisabeth.

Gentille


Buleusa, 3/1/2022

Gentille,

Mwaka mupya mwema. Kikohozi ya Elisabeth imeisha. Noeli tuliimba bila besi, maana besi ni miye na sikwendaka kwaya.

Ndiyo, ni barua yako. Pasta Hilaire njo aliisoma, na sauti yake ile ya kuhubiri. Nilimupa miye mwenyewe, nilijua itanitetea. Alipofika pale "hodi ikipigwa, inafika", watu wa ng'ambo walipiga makofi. Mumoja akasema: "Basi mambo imeisha! Kama inafikaka, na kule haikufika, haikupigwa. Mutoto wake mwenyewe amekata neno!" Hata miye nilicheka kidogo. Uliandika muzuri sana. Usilie. Uliulizwa kamba, ulijibu kamba.

Wazee wamesema hivi: kazi ya daraja itakuwa mwisho wa mwezi wa pili. Siku ile nisimame, niseme nilipita bila hodi, niombe musamaha, yaishe. Nisiposema, daraja imekatazwa kwangu, na shamba yangu ya ng'ambo nitaitazama kwa macho sawa mbingu.

Elisabeth anasema: "Sema tu, ni maneno kidogo, tule." Nimechoka, mupwa wangu. Pengine nitasema. Lakini nitakuwa nimedanganya mbele ya Mungu ili watu waseme nimesema ukweli. 

Tena kitu kimoja sikukuandikia. Siku ile nilipiga hodi, na kamba ILINIJIBU. Niliisikia mu mukono huu. Njo nikapita. Nilimwambia Mama Adelaïde mbele ya mukutano wote: "Mama, uliniitika, sasa unanikana juu ya nini?" Aligeuka akaenda kwao, mukono wake ukiwa umefungwa na kitambaa. Toka siku ile hatusalimiane.

Usinitumie tena fizikia. Nitumie sala.

Barthélemy


Kingi, tarehe 23 Januari 2022

Mpendwa Mujomba,

Sala nimesali. Lakini ninakutumia fizikia pia, na ninakuomba kwa heshima yote usiitupe kabla ya kufika mwisho.

Sisi ni wazima. Maharagi yameingia ndani, Papa anasema ni mazuri. Mengine nitakuambia siku nyingine.

Nilichukua barua yako nikaenda kwa Profesa Damien baada ya masomo. Nilimwonyesha pia nilichokujibu Novemba. Nilikuwa ninangoja anikaripie. Alisoma, akakuna kidevu, akasema: "Ulijibu swali la kamba tupu. Daraja si kamba tupu. Lina mbao. Mbao zake zikoje?"

Hapo nikakumbuka mlango wa nyumba, ubavu wa kitanda na mianzi. Mujomba, uliniandikia jibu pamoja na swali, na mimi niliona mchezo tu.

Alinipa kamba ndefu ya plastiki. Mimi na Laetitia tulikusanya betri, mawe ya radio yaliyokufa, kila nyumba ina yake, yote ni ya uzito mmoja. Tuliifunga kamba kati ya miti miwili nyuma ya darasa, tukatundika mawe yale sawasawa, moja baada ya jingine kwa umbali uleule. Nikatikisa hodi kama yenu. Laetitia, akiwa amenipa mgongo na kushika ncha nyingine, akaita: "Imefika! Na nyingine! Imefika!" Mpaka hapo barua yangu ya Novemba ilikuwa ya kweli.

Kisha tukayavuruga. Mengine tukayabananisha, mengine tukayaachanisha, pengine tukafunga matatu pamoja, pengine tukafunga jiwe la mto. Nikatikisa.

Kimya.

Nikatikisa tena kwa nguvu. Laetitia akasema: "Unalala kule ao? Niko nangojea."

Na wakati huohuo kamba ikatikisika mkononi mwangu. Nikakasirika, nikaita: "Acha kunijibu kama hujapata!"

"Miye?" akasema. "Miye sijagusa kamba yako, niko najikuna kichwa na mikono yote!"

Nikageuka. Kweli alikuwa anajikuna kichwa kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameiacha kamba tangu zamani.

Mujomba, nilikaa chini kwenye majani. Kilichonijibu kilikuwa hodi yangu mwenyewe.

Profesa Damien alitueleza, na ninakueleza kama nilivyoelewa. Kila ubao ambao wimbi linaukuta unarudisha kipande kidogo cha wimbi nyuma. Mbao zikifanana na kupangwa sawa, vipande hivyo vinakwenda kwa mwendo mmoja, kama kwaya inayoimba pamoja, na wimbi linasonga mbele. Mbao zikiwa ovyo, kila moja inarudisha kipande chake kwa wakati wake. Vipande vinakwenda na kurudi, vinakutana, kule mbele vinafutana, na huku karibu na aliyetikisa vinabaki vinazunguka. Wimbi halikuliwa. Limekwama pale lilipozaliwa. Ili nijue kwamba halikuliwa, tulifunga kamba kwa matambara yenye maji: hapo mtikisiko ulikufa upesi kila mahali, hata mkononi mwangu. Lakini kwenye mawe yaliyovurugwa mkono wangu uliendelea kutetemeka muda mrefu, na Laetitia hakupata kitu. Nishati haikupotea, hapo nilisema kweli. Nilikosea niliposema kwamba isiyopotea lazima ifike.

Anasema wataalamu walianza kulieleza jambo hili zaidi ya miaka sitini iliyopita, walipokuwa wanafikiri juu ya chembe za umeme ndani ya madini yenye uchafu, na kwamba linatokea hata kwa sauti na kwa mwanga. Katika kitu kinene mvurugo lazima uwe mkubwa sana. Lakini katika kitu kilichonyooka kama kamba, mvurugo kidogo unatosha, mradi kamba iwe ndefu. Daraja lenu ni refu.

Ninajua utasema: hata zamani mtikisiko ulikuwa unarudi kutoka kwenye mti wa ng'ambo. Ni kweli, lakini ule mlikuwa mnaujua, ulirudi umechelewa na umechoka. Huu unarudi upesi na una nguvu, kama mtu anayejibu. Wewe umevuka daraja hilo maisha yako yote na mkono wako umezoea mbao za mti mmoja. Ulisikia mtikisiko, ukasikia karibu. Nani angesikia vingine?

Kwa hiyo ulipiga hodi. Na Mama Adelaïde hakuipata. Na hakukujibu. Yote matatu ni kweli kwa pamoja.

Usikubali kosa ambalo hukufanya. Siku ya kazi, kabla mbao hazijaguswa, omba watu wote wakusanyike upande wenu, ng'ambo pasibaki mtu hata mmoja kwenye kamba. Kisha mtu mwingine, si wewe, apige hodi ya haraka haraka na kungoja. Kama kamba itamjibu, kila mtu ataona nani amejibu.

Halafu jambo la mwisho, ambalo lilitushangaza. Laetitia alichoka, akaanza kuibembeza kamba polepole kama anayebembeleza mtoto, na mimi niliyeshika ncha nyingine nikaipata! Profesa anasema wimbi refu na la polepole halioni ubao mmoja mmoja, linaona daraja zima. Mvurugo haulizuii upesi. Kwa hiyo mpaka mpate mbao za kufanana, pigeni hodi ya polepole. Kwenye mawe yetu imefika kila mara. Kwenye daraja lenu sijui. Safari hii sitaandika kwa mwandiko mkubwa.

Mpwa wako,
Gentille


Buleusa, 2/3/2022

Kwa mupwa wangu Gentille,

Tuko wazima wote. Elisabeth anakusalimu na amepandisha sauti tena.

Jumamosi watu walikuja kwa kazi. Wazee wakaniambia: "Barthélemy, ni saa yako, sema." Nikasema: "Niko na barua." Aaa, kelele! Pasta Hilaire akasema: "Barua tena? Ile ya kwanza ilikuzamisha, hii inakuja kukufukia?" Watu walicheka mpaka kushika magoti. Ningekuwa nimeirudisha mu mufuko. Lakini Mama Adelaïde akasema: "Wacheni isomwe. Ile ya kwanza tuliipigia makofi, hii tunaiogopa juu ya nini?"

Ikasomwa. Hawakuelewa ya mawe ya radio, lakini ya Laetitia kujikuna kichwa walielewa muzuri.

Tukaita watu wote upande huu. Ng'ambo akabaki Raphaël tu, ule anachongaka mitumbwi, akiwa ameketi juu ya jiwe mbali na kamba, mikono juu ya kichwa sawa mufungwa. Tulingojea ukungu uondoke. Nikauliza nani atapiga. Mama Adelaïde akatoka mbele. Mukono wake wa kuume haujanyooka bado, akashika na ule wa kushoto, akatikisa tatu, haraka.

 Kisha nikaona kamba inatikisa vidole vyake. Akaachilia kamba sawa muntu aliyeshika nyoka.

"Nani iko kule?" akauliza.

Pasta akasema: "Raphaël, na iko kwenye jiwe, Mama. Sote tunamuona."

Akashika tena, akapiga tena, akafunga macho. Ikamujibu tena. Akasema polepole, lakini wote walisikia: "Kumbe tunajiitikia wenyewe."

Halafu tukamwambia Raphaël ashike ncha, akipata ainue kofia. Hodi ya haraka: kofia haikwenda. Mara nyingi, haikwenda. Ile ya polepole nikaipiga miye, namna uliandika, sawa kubembeleza mutoto. Tukangojea. Kofia ikapanda! Vijana wakaanza kugombania kamba, kila muntu anataka kupandisha kofia ya Raphaël, mpaka akaitupa chini akasema amechoka.

Muzee mumoja alisema bado ni kwa sababu hatukumwaga kasiksi mbele ya kazi ya mwezi wa tisa. Tukaimwaga, pombe ya ndizi kidogo haina hasara, iliyobaki tukaikunywa.

Wazee wamesema neno langu limesimama na daraja ni yangu sawa zamani. Tena wamenipa kazi ya mbao. Sasa sikiliza: tumepata muti mumoja mukubwa upande wa ng'ambo, umenyooka, watu wa kule wameutoa. Tunaupasua toka Jumatatu. Kila ubao tunaulinganisha na ule wa kwanza, tunatundika mbili kwenye fimbo kuona ipi inashuka, ile nzito tunaichonga. Wengine wananung'unika, wanasema toka lini ubao unapimwa sawa nyama. Ule mulango wa nyumba mwenyewe aliurudisha, bibi yake alikuwa anamudai. Nafasi kati ya ubao na ubao tunapima na kamba moja, miye ncha hii, Mama Adelaïde ncha ile, maana iko na jicho la kunyoosha mustari. Tumefika katikati. Pale ubao zinafuatana ni muzuri, mupwa wangu, ungeona ungesema ni mustari wa daftari. Wiki ijayo tutamaliza, na hodi ya haraka itarudi. Lakini vijana wanasema wamezoea ya polepole, hawataiacha.

Umwambie Profesa wako Damien kuna muhogo wake huku.

Mujomba wako,
Barthélemy


Kingi, tarehe 13 Machi 2022

Mpendwa Mujomba,

Nilisoma barua yako kwa sauti, na Mama aliketi juu ya kinu mpaka mwisho. Nilipofika kwenye kofia alipiga vigelegele peke yake, majirani wakaja kuuliza nani amezaa. Profesa Damien ameomba nimnakilie ukurasa wa Raphaël, anataka kuusomea mwaka wa sita. Laetitia anasema jina lake sasa linajulikana mpaka kwenu Walikale, na kwamba mimi ni mwandishi wake tu. Papa amepanda viazi.

Jana usingizi ulikuwa mtamu kwa mara ya kwanza tangu Noeli. Mama ameanza kuimba tena anapotwanga, na anaimba sehemu yako ya besi ili kukucheka.

Lakini niliahidi kukuambia yote, na hili pia lazima niliseme, kwa heshima. Umeniandikia mambo mengi kuhusu mbao: mti umetoka wapi, zinapimwaje, nani ananung'unika. Kuhusu Mama Adelaïde umeandika kwamba anashika ncha ya kamba na ana jicho la kunyoosha mstari. Basi.

Mujomba, kulikuwa na watu wawili ambao hawakuaminiwa katika jambo hili. Wewe waliokuita mwongo ni watu wa ng'ambo, na Jumamosi ile wazee walilisimamisha neno lako mbele ya wote. Yeye aliyemwita mwongo ni wewe, mbele ya wote vilevile, mkono wake ukiwa umevunjika. Na ndiye aliyesema barua isomwe.

Pengine mmekwisha kusemezana na umeona si habari ya kuandika sana. Pengine mnapima mbao kila siku kutoka asubuhi, wewe ncha hii na yeye ncha ile, na hakuna anayeanza. Siwezi kujua kutoka hapa Kingi.

Bienvenu anarudi kwenu kesho kutwa na amekubali kungoja mlangoni kwako mpaka uandike, hata kama ni mstari mmoja. Nimemwambia asikubali kupewa chakula kabla ya barua.

Je, umemwambia Mama Adelaïde kwamba hakukudanganya, na yeye alikujibu nini?

Mpwa wako,
Gentille